Koki Inayovuja Inamwaga Jasho Letu

(Maneno ya Kamati kwenye mkutano wa wanachama na wanakijiji, fundi bomba akiwapo)



Leo hatuzungumzi habari za korosho. Mizani na magunia tuviache kidogo. Tunataka kusema juu ya koki zinazovuja, majumbani mwetu na pale kwenye kituo cha kuchotea maji. Fundi bomba tunaye hapa, na koki mbovu amezileta ili kila mtu azishike na kuziona.

Wapo watakaosema: "Koki inadondosha tone tone tu, ndiyo ya kuitia mkutano?" Haya, tufanye hesabu. Weka kikombe cha robo lita chini ya koki inayovuja. Kikijaa kwa robo saa, hiyo ni lita 1 kwa saa. Usiku na mchana ni lita 24, yaani ndoo ya lita 20 na zaidi. Kwa mwezi wa siku 30 ni lita 720, sawa na ndoo 36. Nyumba 10 zenye koki kama hiyo zinamwaga ndoo 360 kila mwezi. Haba na haba hujaza kibaba, na haba na haba hiyo hiyo hukausha tangi.

Sasa tukumbuke maji haya yanatoka wapi. Huku juu ya uwanda wa Makonde hatuna mto. Mvua inanyesha, mchanga unaimeza, maji yanazama chini kabisa. Wazee wanajua zamani ilivyokuwa: mama aliondoka alfajiri, akateremka bondeni, akapanda tena na mtungi kichwani. Katika miaka ya 1950 mashine zilianza kupandisha maji Newala. Mwaka 1971 Serikali iliweka mpango wa miaka 20, kwamba ifikapo 1991 kila mwananchi wa kijijini apate maji safi umbali usiozidi mita 400. Mwaka huo ulifika ukapita, na akina mama wengi walikuwa bado njiani na ndoo zao.

Tangu miaka ya 1970 nchi ya Ufini ilisaidia kazi ya maji katika mikoa ya Mtwara na Lindi. Kule chini iliwezekana kuchimba visima vifupi na kuweka pampu za mkono. Huku juu pampu ya mkono haifiki, maji yako mbali mno. Ndiyo maana maji ya Newala yanasukumwa kwa mashine kutoka visima vya Mitema, kule bonde la Kitangari. Wenzetu wa Masasi wana maji ya Mbwinji, na hayo pia yamegharimu mabomba, matangi na kazi ya watu.

Kwa hiyo, ndugu zetu, kila tone linaloanguka chini ya koki huku juu limekwisha kupanda mlima. Mashine imelisukuma, na gharama yake imelipwa. Kulimwaga mlangoni ni sawa na kubeba gunia la korosho mpaka ghalani halafu ukalitoboa.

Fundi ametueleza hivi. Ikiwa koki ya kuzungusha inadondosha mdomoni ingawa umeifunga, ubovu uko ndani. Mna kipande kidogo cha mpira, mafundi wanakiita washa. Ukifunga koki, chuma cha katikati kinashuka na kuukandamiza mpira huo juu ya tundu la maji. Mpira ukilika, maji yanapata njia. Hapo dawa ni kubadilisha washa, si kununua koki nzima.

Kukaza kwa nguvu siyo dawa. Tunawaona vijana wanakaza mpaka mishipa inatoka, wengine wanatia kipande cha nondo. Mpira unazidi kukatika, na pale unapokalia panachubuka. Pakishachubuka, hata washa mpya haidumu. Jambo la senti limekuwa jambo la shilingi.

Ikiwa maji yanatoka juu, shingoni mwa koki, basi nati ya shingo imelegea au uzi wa kuzibia umechakaa. Fundi hukaza nati kidogo, au huviringisha uzi mpya uliopakwa grisi. Ikiwa yanatoka pale koki inapoungana na bomba, koki hufunguliwa, nyuzi za bomba husafishwa, hufungwa tepu nyeupe ya mafundi au katani, ndipo hukazwa tena. Kufunga mpira wa baiskeli si kosa, lakini ni wa siku moja, mpaka fundi afike. Usikae mwaka.

Wengine wameuliza: "Kwa nini tumlipe fundi na vijana hodari tunao?" Swali ni zuri. Kubadilisha washa mtu anaweza kufundishwa. Kwanza afunge koki kubwa iliyo karibu na mita, afungulie ile mbovu maji yaishe, ndipo ashike spana. Na spana ziwe mbili: moja inafungua koki, nyingine inalishika bomba lisizunguke. Ukitumia moja tu, unaweza kulivunja bomba ndani ya ukuta, na hapo utamwita fundi kwa kazi kubwa zaidi. Maungio ya chini ya ardhi na mabomba ya ukutani tumwachie fundi. Bomba kuu na mita tusiguse kabisa. Tutoe taarifa kwa wanaotuletea maji.

Namna ya kujua kama nyumba yako inavuja ni hii. Funga koki zote, kisha itazame mita. Kama kigurudumu chake kidogo bado kinazunguka, maji yanapotea mahali, na ankara inahesabu.

Liko jambo jingine zito kuliko fedha. Pale panapovuja hukaa dimbwi: kuku wanakunywa, watoto wanachezea, ng'ombe na mbuzi wanapita. Siku maji yanapokatika, bomba linabaki tupu na linaweza kunyonya uchafu wa dimbwi kupitia pale palipopasuka. Maji yakirudi, uchafu ule unaingia kwenye ndoo ya jirani. Kuhara na kipindupindu havimchagui mwenye koki mbovu peke yake.

Na tusidanganyane juu ya kituo chetu. Koki ya nyumbani kila mtu anajua ni yake. Koki ya kituoni kila mtu anaona ni ya mwenzake. Anachota, anaiacha inatiririka, anaondoka. Anayeumia ni yule mama wa mwisho kwenye foleni, anayekuta tangi limekauka.

Basi Kamati inapendekeza haya, na tunaomba mkutano uamue kwa kunyoosha mikono:

1. Kila mwaka baada ya malipo ya korosho, fundi apite nyumba kwa nyumba na kituoni. Vifaa alipe mwenye nyumba. Ujira wa fundi tuchangie wote, kwa maana kwa kazi ya pamoja atatupunguzia.

2. Wazee wasio na watu wa kuwasaidia, koki zao zitengenezwe kwa mchango wa wote.

3. Vijana wawili, msichana na mvulana, wafuatane na fundi wajifunze. Spana mbili, washa na tepu zikae ghalani kwa mtunza ghala, ziandikwe daftarini.

4. Maji yakikatika, kila mtu afunge koki yake. Wengi huziacha wazi wakisubiri, maji yakaja usiku yakamwagika mpaka asubuhi.

Atakayepinga apinge hapa mkutanoni, tumsikie. Asingoje kupinga kisimani. Mama zetu walipanda mlima na mtungi mmoja, na tone halikumwagika njiani. Sisi tuliofunguliwa koki mlangoni tusishindwe na kipande cha mpira.

Sasa fundi atafungua koki moja mbele yenu. Sogeeni karibu, na watoto wapisheni mbele waone.