Nesi wa Ngozi Kanda ya Dhahabu

Mwaka 2023 Hospitali ya Taifa Muhimbili-Mloganzila ilipotangaza upasuaji wa kurekebisha maumbo, gumzo la mjini lilikuwa makalio na vitambi. Vijiwe vya Kahama na Katoro navyo havikubaki nyuma. Utani hauna ubaya. Ila kijana wa Shinyanga anayetamani kuwa muuguzi wa upasuaji rekebishi asidhani atashinda akihudumia mastaa.

Wagonjwa wa fani hiyo huku ni wengine kabisa. Ni mtoto aliyemwagikiwa uji wa moto. Ni mchimbaji wa Rwamgasa au Mgusu aliyelipukiwa na baruti duarani. Ni mkulima mwenye ualbino aliyepigwa na jua tangu utotoni, sasa saratani ya ngozi inamla sikio. Ni kichanga kilichozaliwa na mdomo sungura, na majirani wameshaanza kuulizana nani karoga.

Kwa watoto wa namna hiyo, mgodi wa GGM wa Geita umeshirikiana kwa miaka na madaktari wa Rafiki Surgical Missions kutoka Australia, wakiwafanyia upasuaji bure kambini. Kambi ikiisha, sifa zote huwa za daktari. Lakini kazi imeanza mapema, kwenye mizani. Kanuni inayofuatwa sehemu nyingi inataka mtoto afikishe wiki 10, uzito wa kilo 4.5 hivi na hemoglobini ya gramu 10. Kaakaa nalo likiwa limepasuka, mtoto hawezi kunyonya sawasawa. Ni nesi anayemfundisha mama kukamua maziwa, kumkalisha mwanawe wima na kumnywesha kwa kijiko, kidogo kidogo. Uzito usipotimia, mtoto hapandi meza ya upasuaji.

Wodi ya majeraha ya moto ndiyo inayopima moyo. Daktari huchuna ngozi pajani na kuipandikiza shingoni, kisha huingia kwa mgonjwa mwingine. Zinazobaki ni wiki za nesi. Mto unaondolewa kitandani, kwa sababu kidevu kikizoea kulala kifuani, kovu litakigandisha hapo hapo. Mtoto analia, mama anabembeleza, "Sista, mrudishie mto wake," na sista anakataa. Panapohamishiwa kipande cha nyama kuziba tundu la saratani, anakibonyeza kwa kidole na kuachia, usiku kucha. Rangi irudi ndani ya sekunde mbili tatu. Kikipauka, damu haifiki. Kikigeuka zambarau, damu haitoki. Hapo daktari anaamshwa saa ile ile, maana kufika asubuhi kipande kitakuwa kimekufa.

Mambo haya yana ukoo wake. Wakati wa Vita Kuu ya Pili, daktari Archibald McIndoe alitibu marubani walioungua huko East Grinstead, Uingereza. Alipoona kwamba walioangukia baharini wanapona vizuri zaidi, aliagiza majeruhi waogeshwe kwa maji ya chumvi, na waogeshaji walikuwa wauguzi. Mwanafunzi wake Michael Wood alihamia Afrika Mashariki, na mwaka 1957 wao wawili pamoja na Mmarekani Tom Rees walianzisha huduma ya madaktari wa ndege, ambayo leo ni Amref. Wote watatu walikuwa wa upasuaji rekebishi.

Njia ya kuingia inajulikana: ufaulu wa Baiolojia, Kemia na Fizikia kidato cha nne, stashahada ya miaka mitatu, kwa mfano chuo cha Kolandoto, au, kwa aliyepitia kidato cha sita, shahada ya miaka minne chuo kikuu cha CUHAS pale Bugando, kisha leseni ya Baraza la Uuguzi na Ukunga. Baada ya hapo vibao vya barabarani vinakwisha. Marekani wapo wanaofanya mtihani wa cheti maalumu cha fani hii baada ya uzoefu wa kazi. Hapa nyumbani ajira humwita mwenye stashahada Afisa Muuguzi Msaidizi Daraja la II, na anakwenda anakopangiwa. Ujuzi wenyewe anaupata kwa kukaa: chumba cha upasuaji, wodi ya majeraha, karibu na daktari bingwa asiyechoka kuulizwa.

Na kukaa ndiko kugumu. Nesi akishajua kusoma rangi ya ngozi anahamishiwa wodi ya wazazi, ambako nako wanamhitaji, hakuna anayebisha. Anayekuja nyuma yake anaanza moja.

Hapa migodi inaweza kusaidia zaidi ya kambi. Tangu marekebisho ya Sheria ya Madini ya 2017, kampuni inatakiwa kila mwaka kuandaa mpango wa huduma kwa jamii na kukubaliana na halmashauri. Madiwani wamezoea kuomba madarasa na zahanati. Waombe pia nafasi za wauguzi wawili watatu kwenda kujifunza Bugando au Muhimbili, kwa sharti la maandishi kwamba wakirudi Geita au Kahama hawataondolewa wodi ya majeraha kabla hawajafundisha wenzao.