Mtumbwi, Turubai na Dumu Tupu

Ndugu msikilizaji, ukisimama Chapwa, hapa jirani na Tunduma, kitu cha mwisho utakachokifikiria ni mtumbwi. Huku kwetu ni malori. Foleni ya mpakani ikirefuka, magari yanayosubiri kuvuka kwenda Nakonde hujipanga kandokando ya barabara kuu, na madereva pamoja na matingo wao hulala chini ya matela, hupika ugali kwenye jiko la mkaa na kuanika nguo zao kwenye vioo vya pembeni. Kambi tunazijua sana. Maji ndiyo hatuna.

Basi Juni iliyopita mpwa wangu, kijana wa kidato cha tatu, alinijia na simu mkononi. Alikuwa ameona picha za Wakanada wawili waliosafiri kwa mtumbwi majuma mawili, ziwa hadi ziwa, wakilala porini katika hema, na pale maji yalipokatika wakaubeba mtumbwi wao mabegani hadi ziwa la pili. "Mjomba," akaniuliza, "mambo haya kwetu hayapo?"

Nilimjibu kwamba yapo, ila kwetu hatuyaiti mapumziko. Huko pwani, wavuvi wanaohama na vyombo vyao na kuweka kambi mbali na kwao husemwa wako dago, na neno hilo ni la zamani. Tena hao wazungu waliosifiwa kwa kuyazunguka maziwa yetu, makafi yalikuwa mikononi mwa nani? Burton na Speke walipokwenda kaskazini mwa Ziwa Tanganyika mwaka 1858, na Stanley na Livingstone walipokwenda kuutazama mto Rusizi mwaka 1871, ni Waafrika waliopiga kafi, na ndio waliojua ni ufuko upi unaofaa kulala. Majina ya wapiga kafi hao ni machache mno vitabuni.

Huyo Speke, tukiwa bado naye, alipata somo la kambi ambalo napenda kulisimulia. Usiku mmoja dhoruba ililivuruga hema lake kando ya ziwa. Akawasha mshumaa apange vitu vyake, na mara hema likajaa mbawakawa weusi wadogo waliofuata mwanga. Mmoja akamwingia sikioni. Akamimina siagi iliyoyeyushwa, haikufaa. Akachokoa kwa ncha ya kisu cha mfukoni, mdudu akafa lakini sikio likajeruhiwa, likavimba na kutunga usaha, na kwa miezi vipande vya mdudu vikawa vinatoka pamoja na nta. Bibi yeyote wa Kamsamba angemwambia asiwashe taa hema likiwa wazi.

Naam, nikaahidi kumpeleka kijana Ziwa Rukwa. Tulipanda gari hadi Mlowo, tukakata kona kuelekea Kamsamba, na kutoka hapo pikipiki. Chapwa tuliondoka na masweta, maana tuko zaidi ya mita 1,500 juu ya usawa wa bahari na Juni yetu si ya mchezo. Ziwa lenyewe liko kama mita 800 tu, ndani ya bonde la ufa, na tulipofika chini masweta yakawa mzigo. Rukwa halina mto unaotoka. Mto Momba unaingia, na mto Songwe unaingia, yaani ule Songwe wa kaskazini, maana tuna mito miwili ya jina hilo na ule mwingine unakwenda Ziwa Nyasa mpakani na Malawi. Maji yakishaingia hutoka kwa njia ya jua peke yake, ndiyo maana yana magadi, na ndiyo maana ziwa hupanuka na kusinyaa miaka kwa miaka. Ni ziwa la kina kifupi. Nilidhani hiyo ni habari njema.

Mzee tuliyempata alitupokea vizuri. Kijana akamwamkia, "Shikamoo babu," akaitikia, kisha akamwambia afungue begi lake lote chini, mbele ya watu. Akakuta hema jepesi la kuazima, akalirudisha. Akataka turubai, chandarua, sufuria moja, unga, chumvi, panga na maji ya kunywa ya siku mbili kwenye madumu. Kiberiti akakitia ndani ya chupa yenye kifuniko. Halafu akaongeza madumu mawili matupu ya lita ishirini, yaliyofungwa sawasawa. Mpwa wangu akauliza ya nini. "Utayaona," mzee akasema.

Mtumbwi ulikuwa wa mbao. Tulikuwa wanne: mzee, mwanawe, mimi na kijana. Jaketi la kuokoa maisha lilikuwa moja, na mzee alikuwa amelikalia kama mto. Niliona, nikanyamaza. Hapa ndipo ninapoona haya, msikilizaji, kwa sababu MV Nyerere ilipozama karibu na Ukara tarehe 20 Septemba 2018 na watu zaidi ya 220 wakapotea, mimi ndiye niliyekaa mbele ya kipaza sauti na kuwasema sana wanaopanda vyombo bila jaketi.

Siku ya kwanza ilikwenda salama. Jioni mzee alikataa ufuko mzuri wa nyasi fupi nilioupenda. Akanionyesha njia iliyokanyagwa ikitoka majini kwenda nchi kavu, pana kama ya ng'ombe. Ni njia ya kiboko. Usiku hutoka kwenda kula majani, na alfajiri hurudi majini kwa njia ile ile. Ukiwa umelala katikati yake na maji, huna mjadala naye. Tulilala mbali, juu kidogo, na maji ya kuoshea sufuria yalitekwa kabla ya giza, kwa sababu ya mamba.

Mzee alisema tuondoke alfajiri, upepo ukiwa bado umelala. Mimi nikaomba kidogo. Nilikuwa na kinasa sauti, nilitaka kuwaletea ninyi sauti za ndege wa asubuhi na za viboko. Kidogo ikawa saa mbili nzima. Mzee hakubishana na mgeni.

Tulipofika katikati upepo ukaamka. Nilikuwa sijui kwamba ziwa la kina kifupi huchafuka upesi kuliko lenye kina, na mawimbi yake ni mafupi na yamebanana, hata mtumbwi haupati nafasi ya kupumua kati ya moja na jingine. Maji yakaanza kuingia. Mzee akavua jaketi kutoka chini yake akamrushia kijana, akamwamuru apige magoti sakafuni. Mpwa wangu hajui kuogelea. Angejifunzia wapi Chapwa? Mimi nikafungwa kamba ya dumu tupu kifuani, la pili akalichukua mwanawe, na yeye mzee akabaki mtupu nyuma, akiuelekeza mtumbwi kwenye wimbi. Nilichota maji kwa sufuria tuliyopikia ugali. Sijui kwa muda gani. Nakumbuka kijana akiniita "Mjomba" mara moja tu, kwa sauti ndogo, na mimi sikuwa na jibu.

Tulifika. Kinasa sauti kililowa na hakikupona, ndiyo maana leo mnanisikia mimi tu bila ndege wala viboko.

Mzee hakutaka nyongeza ya pesa. Nilimuuliza kwa nini jaketi moja, akajibu kwamba anayekuja kupiga picha huja na kamera, hajawahi kuona aliyekuja na jaketi. Niliporudi mjini nilinunua manne, nikayapeleka kwa basi. Majuzi mpwa wangu alizungumza naye kwa simu. Yamefika. Mwanawe analivaa, na moja mzee mwenyewe amelifanya mto wa kulalia. Kijana ananidai safari nyingine Juni, na safari hii muda wa kuondoka utapangwa na mzee.