Timu ya Roboti ya Vijana wa Mwimbi: Tusisubiri Boksi

Hotuba ya Afisa Habari wa Halmashauri kwa wakazi wa Kata ya Mwimbi

 

Nimetumwa kuzungumzia barua ya vijana wa kata hii wanaoomba kuanzisha timu ya kutengeneza roboti na kushiriki mashindano. Nakiri kwamba niliposoma barua hiyo mara ya kwanza nilitabasamu. Nilidhani wameona jambo hilo kwenye simu na kesho watalisahau. Nilipoisoma tena niliona sentensi moja ambayo ilinifuta tabasamu: wanataka kutengeneza kifaa kitakachopiga kengele mahindi yanapoanza kupata unyevu ghalani. Hayo si mawazo ya mtu anayecheza.

Wapo kati yetu wanaodhani roboti ni mtu wa chuma anayetembea. La hasha. Roboti ni mashine inayofanya mambo matatu kwa mfuatano: inahisi, inaamua kwa kufuata maagizo iliyoandikiwa, kisha inatenda. Turejee kwenye ghala. Kila mkulima hapa anajua kwamba mahindi yenye unyevu unaozidi asilimia 13.5 hukataliwa kwenye mizani ya mnunuzi makini. Kihisi kidogo kikiwekwa kati ya magunia hupima unyevu wa hewa. Hakipimi punje yenyewe, na vijana wasije wakawadanganya wazazi wao kwamba kinaipima. Lakini hewa iliyo kati ya punje ikikaa juu ya takribani asilimia 70 ya unyevu, ukungu hupata nafasi. Kihisi kinapeleka taarifa kwenye bodi ndogo, bodi inasoma maagizo, kengele inalia, au feni inawaka.

Mashindano yenyewe yapo ya namna nyingi. Hapa nchini tunayo MAKISATU, mashindano ya kitaifa ya sayansi, teknolojia na ubunifu, yaliyoanza mwaka 2019, ambayo yana nafasi ya shule za msingi, sekondari, vyuo vya ufundi na hata mbunifu asiye na cheti. Ipo pia Young Scientists Tanzania, iliyoanzishwa mwaka 2011, inayowapa wanafunzi wa sekondari jukwaa la kuonesha utafiti wao. Hayo si mashindano ya roboti pekee, ila kifaa cha ghala kingepata mahali pake. Kwa upande wa roboti hasa, yapo mashindano ya FIRST Global, ambayo tangu mwaka 2017, yalipofanyika Washington, hualika timu moja ya vijana kutoka kila nchi. Yapo pia yale ya watoto yaitwayo FIRST LEGO League. Humo timu haizidi watoto 10, na roboti yao hupewa dakika mbili na nusu tu mezani. Lakini dakika hizo si hukumu yote. Waamuzi huwaita watoto chumbani na kuwauliza: tatizo gani mlilichunguza, nani alifanya nini, mliposhindwa mlifanyaje? Timu iliyobebwa na mtoto mmoja hodari hugundulika hapo hapo.

Sasa naomba niwaambie jambo lisilonipendeza. Miaka kadhaa iliyopita, kabla sijahamia huku, nilikwenda kupiga picha za makabidhiano ya vifaa vya kompyuta na roboti katika shule moja ambayo sitaitaja. Niliandika habari, picha ikatoka, watu wakapongezana. Mwaka uliofuata nilipita pale kwa shughuli nyingine nikauliza vifaa vinaendeleaje. Nikafunguliwa kabati. Boksi lilikuwa ndani, na utepe wa kiwandani haujakatwa. Mwalimu aliyelipokea alikuwa amehamishwa. Aliyebaki aliogopa kwamba kikivunjika kitu ataulizwa yeye. Mwalimu huyo simlaumu. Najilaumu mimi, niliyeandika kwamba wanafunzi "wamenufaika".

Ndiyo maana leo sikuja kuahidi boksi. Nimekuja kuuliza kama kata hii inao watu.

Timu inahitaji watu wazima wawili, si mmoja, kwa sababu uhamisho ni sehemu ya utumishi. Mmoja awe mwalimu wa fizikia au hisabati. Wa pili, kwa maoni yangu, awe fundi redio. Msishangae. Fundi anayekaa na koili yake pale sokoni anajua kutafuta waya uliokatika kuliko wengi wetu wenye vyeti, na mota ndogo iliyomo ndani ya deki mbovu ni mota ile ile inayozungusha gurudumu la roboti. Kwa ubongo wa mashine, zipo bodi za aina ya Arduino, zilizobuniwa Italia mwaka 2005. Michoro yake iliachwa wazi kwa yeyote kuinakili, hivyo zimeenea na bei yake si ya kutisha. Kwa kuandika maagizo, ipo programu ya Scratch: haina malipo, ina Kiswahili, na ikishawekwa kwenye kompyuta haihitaji intaneti. Umeme wa mkoa wetu kwa miaka mingi umetegemea njia inayotoka Zambia, na hakuna anayehitaji kuelezwa maana ya kukatika. Kazi ya Scratch itaendelea kwa betri ya kompyuta iliyochajiwa mapema, na roboti yenyewe hutembea kwa betri ndogo.

Nimeulizwa pia kuhusu mikopo ya asilimia 10 ya mapato ya Halmashauri, ambamo vijana wana fungu la asilimia 4. Nijibu bila kuzunguka: fedha ile ni mkopo wa vikundi vya uzalishaji, na hurejeshwa. Mtoto wa Kidato cha Pili hawezi kubebeshwa deni. Tusianzie huko.

Wazee wangu, nimesikia minong'ono kwamba haya ni mambo ya Dar es Salaam. Nani alijenga ilungu? Tanuri lile la udongo, refu kumpita mtu, lilivuta hewa lenyewe kupitia matundu ya chini bila mivukuto, likayeyusha mawe ya chuma kwa siku kadhaa. Kisha chuma kikahamishiwa kwenye tanuri dogo, kintengwe, kusafishwa kwa mivukuto. Mabaki yake yangali yanaonekana Ufipa hii. Haikuwa kazi ya mtu mmoja. Ilikuwa ya kundi lenye kiongozi, zamu na vipimo. Na pale Maporomoko ya Kalambo, upande wa Zambia, watafiti walitangaza mwaka 2023 magogo mawili yaliyochongwa na kuunganishwa, yenye umri wa takribani miaka 476,000. Ufundi si mgeni bondeni kwetu.

Lakini ilungu lilikuwa na miiko, na miiko hiyo iliwaweka wanawake mbali wakati wa kuyeyusha. Hapa ndipo ninapoomba tusiwafuate wazee wetu. Barua niliyoishika ina majina 11, na manne ni ya wasichana. Nilipowauliza faragha wangeacha kwa sababu gani, hakuna aliyetaja ugumu wa hesabu. Walitaja saa. Mazoezi yakianza saa kumi na mbili jioni, msichana hatakuja, au atakuja mara mbili kisha nyumbani wamkataze, na mzazi huyo atakuwa na haki, maana njia ni ndefu na giza halina mdhamini. Kwa hiyo napendekeza Jumamosi, kuanzia saa tatu asubuhi hadi saa sita mchana. Najua Jumamosi kuna shamba. Msimu wa kuvuna timu ipumzike. Sitathubutu kushindana na mavuno.

Naomba mambo machache tu kabla hatujatawanyika. Mkutano uchague walezi wawili, angalau mmoja awe mwanamke. Chumba kipatikane, chenye meza moja imara na kufuli lenye funguo mbili, kila mlezi na wake. Iandikwe kwenye muhtasari kwamba kifaa kikivunjika katika kujifunza hakuna atakayedaiwa. Na kila mwenye redio, deki au simu iliyokufa ndani ya sanduku ailete. Tunahitaji mota, waya, skrubu na spika.

Mimi kwa nafasi yangu nitakuja Jumamosi ya kwanza, bila kamera. Daftari la majina lipo kwa Mtendaji wa Kata, na nafasi za walezi bado ziko wazi.