Ngoma Iliyojua Majina ya Watu

Ndugu zetu wa Mombasa, Tanga na Unguja mtanivumilia. Kiswahili changu ni cha Kisangani. Kilitufikia na misafara ya Tippu Tip katika karne ya 19, pamoja na mambo mengine tusiyoyasherehekea, na tangu hapo kinaoga mto mmoja na Kilingala na Kifaransa. Nikikosea ngeli, msinirudishe shule leo.

Mwenyekiti ameniomba niseme juu ya chemba za biashara na teknolojia: zifanye nini zipate wanachama, na zikishawapata ziwahudumie vipi. Nilikubali kwa sharti moja, nisianzie hapa Brussels wala Nairobi. Naanzia Yanonge.

Ukitoka Kisangani ukashuka na mto kiasi cha kilomita 60, utaikuta. Ni mahali ambapo msitu unaleta vitu vyake majini: mihogo, mchele, makemba yaani ndizi za kupika, mafuta ya mawese, makala yaani mkaa, samaki wa moshi. Toka enzi za babu zetu Walokele wa mtoni walileta samaki, Wambole wa bara wakaleta mihogo, na soko likawa ukingoni. Mama yangu mdogo anauza mawese huko hadi leo. Hasara yake kubwa haitokani na mvua wala wezi. Anajaza bidoni zake, ninyi mnaita madumu, anangoja mashua siku mbili, anafika Kisangani asubuhi ambayo mashua nyingine tatu zimeshatia nanga na mawese yale yale, na bei imelala. Kurudi na mzigo hawezi, nauli ingemmaliza. Anauza kwa bei anayotajiwa.

Kabla ya simu, mto wetu ulikuwa na lokole. Ni gogo lililochimbwa likawa tupu ndani, lenye midomo miwili, mmoja wa sauti nene na mwingine wa sauti nyembamba. Kilokele ni lugha ya toni, kwa hiyo gogo liliweza kusema. Mmisionari Mwingereza, John Carrington, aliyefika Yakusu karibu na Kisangani mwaka 1938, alijifunza kuipiga, na mwaka 1949 akachapisha kitabu juu yake. Wengi wanaisimulia habari hiyo kama maajabu. Mimi naitazama kwa jicho la biashara.

Kwenye ngoma, mwezi na kuku kwa Kilokele vinalia sawasawa. Kwa hiyo mpigaji hakutaja neno tupu. Alilivika maelezo marefu, kuku akaelezwa kwa mlio wake, hadi msikilizaji asiweze kukosea. Alirudia. Alipiga jioni au alfajiri, hewa ikiwa imetulia, ndipo sauti ifike kilomita kumi hivi, na kijiji cha mbele kikaipokea na kuipeleka. Na mtu mzima alikuwa na jina lake la ngoma, limebeba jina lake na la upande wa wazazi wake. Lokole haikusema "Ndugu Mwanachama Mpendwa". Ilikuita wewe, mtoto wa fulani.

Sasa chukueni simu zenu mtazame ujumbe wa mwisho mliotumiwa na chama chochote cha wafanyabiashara. Waraka wa kurasa kumi na nne, lugha ya wanasheria, umerushwa Ijumaa jioni kwenye kundi la watu mia mbili, na chini yake mtu ametuma picha ya maua.

Kongo chemba kubwa ni FEC, shirikisho la kampuni na wafanyabiashara, ambalo lilizaliwa mwaka 1972 kwa jina la ANEZA na kubadili jina mwaka 1997 nchi nayo ilipobadili la kwake. Kwetu tunaitamka "Fek". Naona ndugu zangu wa Dar es Salaam mmeshaanza kucheka. Jina si kosa lake. Kenya wana chemba yao, KNCCI, tangu 1965, na Tanzania wana TCCIA tangu 1988. Chemba hizi mbili zina kitu cha kuvutia mtu mlangoni: cheti cha uasili wa bidhaa. Ukitaka kupeleka parachichi au korosho nje, mara nyingi utaihitaji karatasi ile, utawaendea upende usipende, na ukishakuwa ndani watakuuliza habari za uanachama. Mama mdogo hahitaji karatasi hiyo. Mawese yake hayavuki mpaka. Kwa hiyo chemba inayomtaka mama mdogo lazima imletee kitu kingine, na hapa ndipo wengi wetu tunaikimbilia teknolojia kama anayeshika shina la mgomba mafurikoni.

Nami nina dhambi yangu katika hili. Miaka iliyopita sisi wachache wa ughaibuni tulichanga pesa tukawatengenezea wafanyabiashara wa kwetu tovuti. Picha nzuri za mto, orodha ya majina, ramani. Huko mtoni hakuna aliyeifungua, maana ukurasa mmoja ulikula bando la siku nzima. Mwaka wa pili tulisahau kulipia anwani, na ikanunuliwa na watu wa kamari. Katika mikutano yetu yote ya kupanga, tulikuwa tumebishana sana juu ya rangi. Hatukumpigia simu muuza mawese hata mmoja.

Kuna tafiti mbili za India ambazo napenda kuziweka meza moja. Mchumi Robert Jensen alichunguza wavuvi wa Kerala simu za mkononi zilipofika pwani yao kati ya 1997 na 2001. Kabla ya simu, ufuo mmoja samaki walitupwa kwa kukosa mnunuzi huku ufuo wa jirani wanunuzi wakirudi mikono mitupu. Simu zilipoingia, wavuvi walipiga wakiwa bado baharini, wakageuza mashua. Faida yao ilipanda kwa asilimia 8 hivi, mlaji akanunua kwa bei iliyopungua asilimia 4, na samaki wakaacha kutupwa. Halafu mwaka 2012 Marcel Fafchamps na Bart Minten wakatoa matokeo yao ya wakulima wa jimbo la Maharashtra, waliotumiwa bei za masoko kwa ujumbe mfupi. Bei waliyopata wakulima hao haikutofautiana na ya wenzao wasiotumiwa kitu.

Nchi ile ile, chombo kile kile. Ninavyoona mimi, mvuvi alikuwa na usukani mkononi. Alipoambiwa ufuo wa pili una bei, aliweza kwenda. Mama mdogo ukimtumia bei ya Kisangani kila asubuhi atakushukuru, ni mtu wa adabu, lakini mashua inaenda anakotaka mwenye mashua, siku anayotaka, na mnunuzi anayemngoja ndiye aliyemkopesha ada ya watoto. Habari ya bei bila nafasi ya kugeuza mashua ni uchungu wa ziada.

Kwa hiyo naomba chemba, iwe FEC au kile chama kidogo cha soko, ianze na mashua. Karani mmoja Yanonge, ikiwezekana mwanamke ambaye soko linamjua, mwenye simu ya kawaida na daftari. Jumatatu anawapigia akina mama: wewe una bidoni ngapi wiki hii, wewe una magunia mangapi ya makala? Jumanne anampigia mwenye mashua, si kumbembeleza, bali kumwambia ana mzigo wa mashua nzima na anataka nauli ya jumla. Mwenzake aliye Kisangani anamwambia mashua ngapi zimefika na zimebeba nini, na mzigo ushushwe wapi, ng'ambo ya Lubunga au upande wa Makiso. Kama mashua tatu za mawese ziko njiani, mzigo unangoja siku mbili. Mawese hayaozi kwa siku mbili. Samaki na makemba ni habari nyingine, na karani wa soko anajua hilo kuliko programu yoyote.

Na kuna vyombo vikubwa vinavyopanda kutoka Kinshasa, safari ya kilomita 1,734 ambayo inaweza kumaliza wiki nyingi. Vinaleta chumvi, nguo, saruji, na vinarudi na mazao. Kufika kwavyo ni uvumi mtupu. Mtu mmoja Bumba, mmoja Basoko, mmoja Isangi, kila mmoja akipiga simu kwa wa mbele yake chombo kinapopita, basi Yanonge ingejua siku kadhaa kabla. Hiyo ni lokole ile ile, tumebadili gogo tu. Ujumbe uwe wa sauti, maana wengi wa wateja wetu hawasomi Kifaransa, na uwe wa lugha tatu: Kilokele, Kiswahili, Kilingala. Uanze na jina la mtu. Urudiwe. Uje jioni.

Mtaniuliza: hao ni wanachama wa aina gani, wengine hawajasajiliwa popote? Ni kweli. Lakini mwaka 2012 Kongo iliingia OHADA, jumuiya ya nchi za Afrika zenye sheria moja ya biashara, na sheria ya biashara ya jumuiya hiyo, iliyofanyiwa marekebisho Desemba 2010, inamtambua mfanyabiashara mdogo anayetoa tamko tu la shughuli yake, bila malipo, bila kupita usajili mzima wa kampuni. Na tangu sheria ya Julai 2016 mke wa mtu Kongo hahitaji tena ruhusa ya mumewe kufanya tendo la kisheria. Ni akina mama wangapi wa mtoni wameambiwa mambo haya mawili? Ujumbe wa sauti wa dakika moja ungetosha. Chemba ikimshika mtu mkono hadi apate namba ya tamko lake, imepata mwanachama, na hakuna kadi ya plastiki iliyohitajika.

Ada nayo ina historia yake. Septemba 2020 serikali ilianza kukata salio katika simu za watu kwa jina la RAM, rejista ya simu za mkononi. Watu walipiga kelele mwaka mzima na zaidi hadi ikafutwa 2022. Mtu aliyeona salio lake likiyeyuka usiku hatakubali tena kitu kinachojikata chenyewe, hata kiwe na nembo nzuri kiasi gani. M-Pesa ipo Kongo tangu 2012, njia ya kulipa si tatizo. Mwanachama alipe mwenyewe, kidogo, mzigo ukishafika, kwa kila bidoni. Kisha hesabu isomwe hadharani sokoni kama tunavyofanya kwenye likelemba, ile mnayoiita upatu Tanzania na chama Kenya. Likelemba haina programu wala mkaguzi, na watu wanaiamini kwa sababu kila mmoja ameona pesa ikipita mikononi.

Nigusie vizuizi, halafu niwaache mle. Sabuni mnayoikuta kwenye kibanda cha Yanonge huenda ilishuka melini Mombasa, ikapita Malaba na Kampala, ikaingia Kasindi, Beni, Komanda, Nia-Nia, ndipo Kisangani. Amri ya mwaka 2002 iliruhusu idara nne tu kufanya kazi mipakani kwetu: forodha, ukaguzi wa bidhaa, afya na uhamiaji. Waliopita hivi karibuni wanajua kuhesabu. Mtoni nako kuna vizuizi, na kila kimoja kina bei yake. Mtu mmoja akilalamika, anaitwa mkorofi. Chemba ikikusanya kwa simu tarehe, mahali, kiasi na kama risiti ilitolewa, ikafikisha malipo mia mbili, hiyo ni karatasi ya kuweka mezani kwa gavana. Ila majina ya waliotoa taarifa yasiandikwe popote, si kwenye simu, si kwenye kompyuta. Huko kwetu simu hushikwa na kukaguliwa, na anayeweka orodha ya majina kwa jina la teknolojia anaweza kumponza mama wa watu. Kongo imo ndani ya Jumuiya ya Afrika Mashariki tangu 2022. Ninyi wenzetu wa Kenya, Uganda na Tanzania mnaouza vitu kupitia njia hiyo, malipo yale ni yenu pia, mnayalipa ndani ya bei.

Sasa, nimekuja kuomba nini? Tovuti hapana. Naomba mshahara wa makarani wawili kwa mwaka mmoja, simu zao, paneli ndogo ya jua ya kuzichajia, na vocha. Naomba pia tusitake jina letu liandikwe ukutani.

Wiki iliyopita nilimpigia mama mdogo. Nilimweleza haya yote kwa robo saa, mpango wa karani, wa ujumbe wa sauti, wa ada. Alinyamaza hadi nikadhani mtandao umekatika. Halafu akaniuliza: "Mtoto, na hiyo mashua itaondoka siku gani?"

Sikuwa na jibu. Kama kuna mtu humu ndani mwenye ndugu anayemiliki mashua kati ya Isangi na Kisangani, nitakuwa pale karibu na meza ya chai.