Kilindo Kikilia: Magonjwa ya Mlipuko na Akiba ya Kaya katika Kanda ya Kati

Mjadala wa magonjwa ya mlipuko na uchumi wa taifa kwa kawaida huanzia hospitali na kuishia hazina. Mada hii inapita katikati, kwenye kilindo cha nafaka na zizi la ng'ombe. Hoja yangu ni kwamba hasara ya janga la ugonjwa huamuliwa zaidi na akiba iliyomo majumbani siku ugonjwa unapoingia, kuliko inavyoamuliwa na ukali wa ugonjwa wenyewe. Ushahidi nitautoa hapa hapa Dodoma, kwa kuwa Ugogo, nchi ya Wagogo, umelipitia jambo hili zaidi ya mara moja, na mara mbili ninazozichukua hazikufanana hata kidogo.

Ya kwanza ni miaka ya 1917 hadi 1920, kipindi ambacho Wagogo wanakiita Mtunya. Mwanahistoria Gregory Maddox, katika makala yake ya mwaka 1990, ameonyesha kuwa njaa ile ilianza kutengenezwa na Vita Kuu ya Kwanza ya Dunia kabla mvua haijakosekana. Wajerumani walichukua ng'ombe, nafaka na vijana. Waingereza walipoiteka Dodoma Julai 1916 wakaendelea pale pale walipoachia wenzao. Kijana aliyekwenda kubeba mizigo ya jeshi hakulima uwele wala hakuchunga. Kisha mvua zikagoma, na mwishoni mwa 1918 ikaingia homa ya mafua iliyokuwa ikizunguka dunia nzima. Iliwakuta watu waliokwisha kudhoofika, ndani ya matembe ambamo kilindo, lile pipa la gome la mti la kuhifadhia nafaka, kililia kilipogongwa. Makadirio yanayotajwa mara nyingi ni kwamba watu 30,000 kati ya 150,000 wa wilaya ya Dodoma walikufa.

Atatokea wa kusema kwamba ule ulikuwa ukame tu, na ukame Ugogo si mgeni. Ni kweli si mgeni, na hapo ndipo pingamizi linapojijibu lenyewe. Mgogo alikuwa na dawa ya ukame: alifuga. Mtama ukiungua, mtu aliswaga mbuzi au ng'ombe akaenda kuhemea kwa jirani aliyepata mvua, akarudi na nafaka. Kuhemea kunataka mnyama wa kubadilisha, miguu ya kwenda na kurudi, na jirani mwenye ziada. Mnyama alichukuliwa na vita, miguu ikachukuliwa na homa, na jirani mwenyewe alikuwa amekamuliwa. Reli ilikuwepo, imefika Dodoma tangu 1910, lakini reli humletea chakula mwenye cha kulipia.

Mara ya pili ni Korona. Mgonjwa wa kwanza nchini alitangazwa 16 Machi 2020. Kesho yake shule zikaamriwa kufungwa, vyuo vikafuata, navyo havikufunguliwa hadi 1 Juni. Masoko na mashamba yaliachwa yaendelee. Kitaifa pigo lilionekana mapema kwenye utalii: wageni walishuka kutoka 1,527,230 mwaka 2019 hadi 620,867 mwaka 2020. Dodoma haiishi kwa watalii, kwa hiyo huku pigo lilipita mlango mwingine. Mchukueni mama lishe anayeuza karibu na Chuo Kikuu cha Dodoma. Mtaji wake ni nusu gunia la mchele, maharage, dumu la mafuta na mkaa; faida ya leo ndiyo mchele wa kesho. Wanafunzi wakiondoka miezi miwili na nusu hafilisiki kwa maana ya vitabuni. Anakula mtaji: mchele aliokuwa auze anawapikia wanawe. Chuo kikifunguliwa anaanza upya kwa mkopo wa kikundi, na takwimu za pato la taifa hazina safu ya kuandika hayo.

Pingamizi zito zaidi linatoka kwenye takwimu hizo hizo. Uchumi wetu ulikua kwa asilimia 4.8 mwaka 2020, ilhali wa Kenya, iliyozuia watu kutoka usiku na kufunga mipaka ya Nairobi, ulisinyaa kidogo. Basi, husemwa, dawa ni kutofunga. Nakubali kwamba kuacha masoko wazi kuliokoa mitaji mingi midogo. Sikubali kwamba jibu limeishia hapo. Mapema Mei 2020 tuliacha kutangaza idadi ya wagonjwa, ikiwa 509, hatukurudia mpaka 2021. Mizani hiyo tunaisoma ikiwa na jiwe upande mmoja tu. Aidha, bei ya dhahabu ilipanda sana mwaka ule ikaziba sehemu ya pengo la fedha za kigeni, bila kumgusa mama lishe. Gharama nyingine zilichelewa kufika: mafuta ya kula, ambayo sehemu kubwa tunayaagiza nje, yalipanda bei mwaka 2021 na 2022, wakati Dodoma na Singida ndiyo mikoa ya alizeti. Hiyo nayo ni akiba tuliyokuwa nayo shambani tusiikamue.

Oktoba 2021, hapa Dodoma, Serikali ilizindua mpango wa shilingi trilioni 1.3 wa kukabiliana na athari za Korona, kutokana na mkopo wa Shirika la Fedha la Kimataifa. Matunda yanaonekana: madarasa 15,000, ambayo wananchi wanayaita madarasa ya Uviko, yaani ya Korona. Sina ugomvi na darasa. Lakini darasa halirudishi mtaji ulioliwa. Wakala wa Taifa wa Hifadhi ya Chakula nao una maghala, na ya Kizota hapa Dodoma tunayaona, ila hiyo ni akiba ya taifa. Ya kaya huanza kuulizwa ikishakwisha. Naiomba semina hii ipendekeze kwamba kila halmashauri ya kanda yetu ihesabu mwezi Julai, mavuno yakiwa ndani, ni kaya ngapi zina chakula cha kufika Januari na biashara ndogo ngapi zinaweza kukaa miezi miwili bila mteja, na hesabu hiyo iandikwe katika mpango wa maafa wa wilaya, ukurasa mmoja na vitanda na barakoa.