Mjumbe Asiye na Idhini: Mombasa na Waingereza, 1824–1826



Mji wa Kale una nyumba iitwayo Leven House, karibu na bandari ya majahazi. Magharibi ya kisiwa kuna Port Reitz, jina tulitajalo kila siku, iwe ni mgonjwa anayepelekwa hospitali au ni nauli ya matatu. La kwanza ni jina la manowari, la pili ni la luteni kijana. Wengi huyahesabu pamoja na majina yaliyoletwa na ukoloni, lakini yanatokana na mambo yaliyotukia miaka sabini kabla Uingereza haijatangaza himaya yake hapa mwaka 1895. Ni kumbukumbu ya wakati ambapo Mombasa yenyewe iliomba mjumbe wa Uingereza akae nayo, ikampata, kisha ikampoteza. Hoja yangu jioni hii ni kwamba ujumbe ule haukuangushwa na homa wala mizinga. Uliangushwa na kasoro iliyokuwamo tangu siku ya kwanza: mjumbe alikuwapo, idhini haikuwapo.

Tuanze na waliomwomba. Mazrui, ukoo wa Kiomani, walikuja kuitawala Mombasa kwa niaba ya Maimamu wa Oman, baada ya Mreno kung'olewa Ngomeni, yaani Fort Jesus, mwaka 1698. Katikati ya karne ya 18 Mabusaidi walipotwaa utawala wa Oman, Mazrui walikataa kuwatii, wakaufanya mji kuwa dola yao. Nguvu yao ilisimama juu ya mambo matatu: Ngome, mapatano na makundi ya Waswahili wa mji yaitwayo Miji Tisa na Miji Mitatu, na chakula cha Pemba. Sayyid Said bin Sultan wa Maskati alilifahamu hilo. Lamu iliposhinda vita vya Shela dhidi ya Pate na Mazrui ilimwomba ulinzi. Baadaye Pate ikamwangukia, na kufikia mwaka 1823 Pemba nayo ilikuwa imekwenda. Mazrui wakatuma watu Bombay kuomba ulinzi wa Waingereza. Bombay ikakataa.

Disemba 1823 manowari Barracouta, ya Kapteni Vidal, ikatia nanga. Mazrui wakamwomba ruhusa ya kupandisha bendera ya Kiingereza. Vidal akajibu kuwa hana mamlaka hayo. Alipoondoka, wakashona bendera kwa mikono yao, wakaitweka juu ya Ngome. Tarehe 7 Februari 1824 Kapteni William Fitzwilliam Owen aliingia na Leven, akaikuta inapepea huku merikebu za Sayyid zikiuzingira mji.

Msidhani kuwa kitendo kile kilikuwa cha watu wajinga. Mazrui walijua kwamba jemadari wa Sayyid angesita kuipiga bendera ile kabla ya kupata amri kutoka kwa bwana wake, na safari ya barua kwenda Maskati na kurudi hungoja pepo za msimu. Kitambaa kile kiliwanunulia muda ambao baruti isingeweza kuwanunulia.

Owen alikuwa na lake moyoni. Aliichukia biashara ya utumwa, na katika kisiwa hiki aliona mahali pa kuikabia. Siku mbili baada ya kufika, tarehe 9 Februari, mapatano yakawekwa saini. Uingereza iirudishie Mombasa milki zake za zamani. Utawala ubaki kwa Mazrui na kurithiwa na kizazi chao. Mjumbe wa Kiingereza akae mjini. Ushuru wa forodha ugawanywe nusu kwa nusu. Wafanyabiashara wa Kiingereza waruhusiwe kwenda bara. Biashara ya watumwa ikome Mombasa. Owen alikuwa nahodha aliyetumwa kupima pwani na kuchora ramani. Hakuna aliyemtuma kuahidi Pemba.

Akamwacha Luteni John James Reitz, kijana wa miaka ishirini na kitu, pamoja na wasaidizi wasiojaza hata mashua. Mei mwaka uleule Reitz akashikwa na homa katika safari ya Pangani, akafariki. Midshipman (ofisa mwanafunzi wa manowari) George Phillips akashika nafasi yake kwa muda, na Agosti akaja Luteni James Emery, aliyekaa hadi 1826.

Emery aliandika shajara, na humo tunauona ujumbe ukifanya kazi siku kwa siku: majahazi yanayoingia na kutoka, mabishano ya ushuru, watumwa wanaokamatwa, mivutano na Liwali, mtawala wa Mazrui. Malalamiko ya Mazrui yalikuwa ya watu wanaojua hesabu. Nusu ya ushuru walikuwa wakiitoa, tena mbele ya macho ya mjumbe. Pemba waliyoahidiwa ilibaki mikononi mwa Sayyid. Emery hakuwa na jawabu, kwa kuwa waliokuwa juu yake hawakumpa lolote la kujibu.

Kwa nini hawakumpa? Kwa sababu Sayyid Said alikuwa ndani ya hesabu zao zamani. Maskati ilikuwa na mapatano na Waingereza wa India tangu 1798, ya kumzuia Mfaransa. Mwaka 1819 merikebu zake zilipigana upande wao Ras al-Khaimah. Mwaka 1822 alikubali mkataba wa Moresby, uliozuia watumwa kuuzwa kwa mataifa ya Kikristo. Kwa Bombay na London, rafiki mwenye merikebu na bandari za Ghuba alikuwa na uzito kuliko kisiwa kimoja, hata kama kisiwa hicho kilikuwa na haki katika madai yake. Mapatano ya Owen hayakuidhinishwa. Julai 1826 Emery akaondolewa, bendera ikashuka.

Mombasa ilipigana peke yake miaka kumi na moja zaidi. Mshairi Muyaka bin Haji aliviimba vita hivyo, akiwa mtetezi wa Mazrui na wa mji. Mwaka 1837, umoja wa ndani ulipovunjika, Sayyid akaingia; wakuu wa Mazrui wakakamatwa na kupelekwa Bandar Abbas.

Sasa tazameni alivyofanya mshindi. Mwaka 1838 Sayyid alimtuma London Ali bin Nasser, na mwaka 1842 akamtuma tena. Mmisionari Krapf alipofika hapa mwaka 1844, akiwa na barua ya Sayyid, liwali aliyemkuta Mombasa ni huyohuyo Ali bin Nasser. Mji ulionyang'anywa mjumbe wake ukawa unatawaliwa na mtu aliyekuwa balozi wa bwana wake mpya.

Lakini idhini nayo si ngao kamili. Safari ya 1842 ilikuja wakati London inambana Sayyid juu ya biashara ya watumwa, na heshima aliyopewa balozi haikuondoa shinikizo hilo. Mwaka 1845 Sayyid alitia saini mkataba wa kuzuia watumwa kusafirishwa nje ya milki zake za Afrika. Balozi mwenye hati humfikishia bwana wake neno mbele ya mkubwa. Hamhakikishii kuwa mkubwa atalikubali.

Tangu hapo Mombasa ilisemewa na wengine. Disemba 1895 Uingereza na Sultani wa Zanzibar walipatana juu ya ukanda wa pwani wa maili kumi. Oktoba 1963 makubaliano ya kuukabidhi ukanda huo kwa Kenya yalifungwa baina ya Uingereza, Sultani, na serikali za Kenya na Zanzibar. Wapwani walikuwa wametoa maoni yao mbele ya tume ya Robertson, iliyochunguza hatima ya ukanda huo, mwaka 1961, na waliyasema kwa sauti kubwa. Hata hivyo, kutoa maoni ni jambo moja na kuweka saini ni jingine.

Kwa hayo yote, natofautiana na wanaoieleza miaka ile miwili, 1824 hadi 1826, kama kichekesho cha kapteni mwenye haraka. Mazrui walipata walichohitaji zaidi mwaka 1824, yaani muda. Walichokosea ni kuyajenga mategemeo ya Pemba juu ya saini ya mtu ambaye hawakumuuliza: aliyekutuma amekuruhusu kuahidi nini? Swali hilo halijachakaa. Kila ujumbe unaokuja pwani na karatasi ya makubaliano, uwe wa serikali, wa kampuni au wa mfadhili, unastahili kuulizwa hivyo kabla kalamu haijaguswa, na kabla nusu ya ushuru haijatolewa.