Kikoa cha Kuuguza

(Mazungumzo yaliyotolewa mbele ya mkutano wa ukoo, Muscat)

Mheshimiwa Mwenyekiti, ami zangu na shangazi zangu, ndugu zangu, wanangu na wajukuu zangu mliokusanyika hapa kutoka Unguja, Mombasa, Dubai, London na Toronto.

Kwanza kabisa namshukuru Mwenyezi Mungu aliyetujaalia kuonana tukiwa wazima. Pili, nawashukuru wanakamati kwa kunipa fursa hii ya kusema machache. Nimeombwa nizungumzie ugonjwa wa Marehemu Baba, ambaye kwa wengi wenu alikuwa ami, mjomba au babu, na namna alivyouguzwa. Sikusudii kumtonesha mtu kidonda. Ninalo jambo moja tu la kueleza: ugonjwa mrefu haubebwi na huruma peke yake, hubebwa na zamu. Na katika nyumba yetu, zamu nyingi zilishikwa na watu ambao majina yao hayamo katika shajara ya ukoo wetu.

Baba alipatwa na kiharusi mwezi wa Februari 2006, akiwa na umri wa miaka 77. Usiku alilala mzima. Alfajiri hakutoka kwenda msikitini, na Mama alipomwamsha alimkuta mdomo umekwenda upande, mkono na mguu wa kulia havina nguvu, na ulimi hautoi neno linalofahamika. Hospitali walimpiga picha ya kichwa, wakatuambia kwamba mshipa umeziba upande wa kushoto wa ubongo.

Hapa naomba vijana wanisikilize kwa makini, kwa kuwa presha imo katika damu yetu, na presha ndiyo chanzo kikubwa cha kiharusi. Viharusi vingi hutokana na mshipa kuziba. Vichache hutokana na mshipa kupasuka. Kwa mshipa ulioziba ipo dawa ya kuyeyusha damu iliyoganda, lakini hutolewa ndani ya saa nne na nusu tangu dalili zianze, na kila dakika inayotangulia ina thamani yake. Kabla ya kutolewa ni lazima kichwa kipigwe picha, kwa sababu aliyepasuka mshipa akipewa dawa hiyo itamdhuru. Kwa hiyo mkiona uso umelegea upande mmoja, au mkono hauinuki, au maneno yamechanganyika, msingoje kupambazuke, msingoje mtu mzima aje kusoma, wala msimpe mgonjwa maji. Mpelekeni hospitali, na dua isomwe njiani. Baba alipatwa usingizini, saa isijulikane, na hapakuwa na wa kulaumiwa.

Baada ya wiki tatu alirudishwa nyumbani. Hapo ndipo kuuguza kulipoanza hasa. Mtu aliyepooza ubavu mmoja hugeuzwa kitandani kila baada ya muda wa saa mbili hivi, usiku na mchana, ili asitoke vidonda vya mgongo. Huogeshwa, hubadilishwa nguo, hunyooshwa viungo. Mkono uliolegea hauvutwi, kwani bega huteguka upesi. Chakula chake hulainishwa na kinywaji chake hufanywa kizito kama uji, maana koo iliyodhoofika huyapeleka maji mapafuni, na hilo huua. Sasa hesabuni walio kuwemo nyumbani: Mama, mwenye magoti mabovu, mke wangu, watoto watatu wa skuli, na mimi, mtumishi wa wizara, ninayetoka saa kumi na mbili na nusu za asubuhi na kurudi alasiri. Ndugu zangu wawili walikuwa mbali, mmoja London na mwengine Unguja, kila mmoja na riziki yake na watoto wake.

Wiki za mwanzo nyumba ilijaa. Watu walikuja makundi kwa makundi, wakaleta matunda, wakakaa, wakasikitika. Kila aliyeondoka aliniambia, “Ukiwa na shida yoyote usisite kusema.” Walisema kwa nyoyo safi, na Mungu awalipe. Lakini mwenye mgonjwa hana nafasi ya kutafuta la kusema. Kufika mwezi wa pili wageni walipungua, kama ilivyo kawaida ya dunia, na mgonjwa alikuwa palepale.

Ndipo marafiki zangu wa barazani waliponijia. Walikuwa wanne. Wa kwanza alikuwa mwalimu wa hesabu aliyestaafu. Wa pili fundi umeme, mzaliwa wa Bujumbura, katika wale ndugu zetu Waomani waliorudi kutoka Burundi na Kiswahili chao. Wa tatu alikuwa na duka la nguo Mutrah, na wa nne alikuwa dereva wa lori, mtu wa Mombasa. Sote tulizoeana kwa kucheza dhumna jioni. Mwalimu ndiye aliyesema kwa niaba ya wenzake. Hakuniuliza nina shida gani. Alitoa karatasi mfukoni, amekwisha ichora siku saba na saa zake, akaniambia, “Bwana, tumekubaliana kula kikoa. Safari hii si cha wali, ni cha mgonjwa. Wewe tuonyeshe tu pa kuandika majina.”

Wajukuu zangu mliozaliwa huku pengine hamkijui kikoa. Zamani kwetu marafiki walikuwa wakila pamoja kwa zamu: leo chakula kwa huyu, kesho kwa yule, mpaka duru iishe na ianze upya. Hakuna aliyeelemewa, wala hakuna aliyekula bure. Kina mama nao walikuwa, na bado wapo, katika upatu, ambao ni mtindo huohuo kwa fedha. Nguvu ya kikoa si ukarimu wa mtu mmoja. Ni kwamba kila mmoja anaijua siku yake, na siku yake ikifika anaona haya kutofika.

Basi zamu zikapangwa. Mwalimu alichukua asubuhi za Jumamosi, Jumatatu na Jumatano, saa mbili mpaka saa tano za mchana, ili Mama apate kulala. Mwenye duka alichukua usiku wa Jumanne. Fundi alikuja kila jioni baada ya magharibi kwa robo saa tu, tumgeuze Baba na kumweka kitini, kazi isiyowezekana kwa mtu mmoja. Dereva, ambaye safari zake hazikuwa na mpango, alichukua Alhamisi, iliyokuwa siku ya mapumziko hapa Oman kabla ya utaratibu kubadilishwa mwaka 2013. Kazi yake ilikuwa kumnyoa Baba, kumkata kucha na kumtayarisha kwa Ijumaa. Wake zao nao walipanga lao: chungu kimoja cha chakula kwa siku tatu za wiki, na mmoja wao kumtoa mke wangu nje ya nyumba kila wiki, apende asipende.

Walijiwekea masharti matatu. Asiyeweza kuja atafute wa kumshikia zamu, asimpigie simu mwenye mgonjwa. Anayekuja asipikiwe wala asitengenezewe chai. Na yanayoonekana chumbani yabaki chumbani. Sharti la tatu ndilo lililoistiri heshima ya Baba. Alipokuwa akisafishwa alifunikwa shuka sawasawa, na barazani halikusikika neno moja.

Naomba niwaeleze jambo lililotokea katika zamu za mwalimu. Baba alikuwa akifahamu mengi anayoambiwa, lakini jina langu hakuweza kulitaja, na jitihada ya kulitafuta ilimliza. Mwalimu alianza kumsomea Suratul Fatiha polepole, siku baada ya siku. Asubuhi moja Baba akaipokea na kuisoma mpaka mwisho, bila ya kukwama. Baadaye wakaanza kuhesabu pamoja, moja mpaka kumi. Madaktari wakatufahamisha kwamba hilo hutokea: maneno yaliyozoewa kwa kukaririwa tangu utotoni huweza kubaki hali maneno ya mazungumzo yamepotea. Baba hakupata tena kusema sentensi kamili. Lakini tangu siku hiyo alirudi kusali kwa sauti, akiwa amekaa, na uso wake ulibadilika. Mimi mwanawe nilikuwa ofisini. Neema hiyo aliishuhudia rafiki.

Mwezi wa Juni 2007 kilipiga Kimbunga Gonu. Walio kuwepo Muscat wanakumbuka namna mabonde yalivyogeuka mito, barabara zikakatika, na umeme na maji vikapotea katika sehemu nyingi za mji. Maji yalipoanza kuingia uani kwetu, fundi na dereva walikuwa wamekwisha fika, maana walihesabu kwamba mgonjwa yuko chumba cha chini. Tulimbeba Baba juu kwa shuka, watu watatu, Mama akitangulia na taa. Siku zilizofuata mwenye duka alileta madumu ya maji, sijui aliyapata wapi, na la kwanza alilosema ni kwamba ya kumwogeshea Mzee yasichanganywe na ya kupikia.

Sasa nifike pale ambapo baadhi yenu mnapangojea. Nyote mnajua kwamba jambo hili lilizusha maneno katika ukoo. Wako wazee wetu waliosema ni aibu mtu mwenye watoto na wapwa kuoshwa na watu baki. Ninawaheshimu waliosema hivyo, na wengine wametangulia mbele ya haki; Mungu awarehemu. Uchungu wao ulikuwa wa mapenzi: walikuwa mbali, na aliye mbali huumia asiposhika mgonjwa wake kwa mkono wake. Lakini kwa heshima zote nasema leo kama nilivyosema wakati ule: aibu ingekuwa Baba kutoka vidonda huku tukilinda jina. Wahenga walisema udugu ni kufaana, si kufanana. Na walisema pia kwamba mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi. Ukiwa kwenye simu, mgonjwa ni mwepesi. Uzito wake huujua yule anayemgeuza saa tisa za usiku.

Wala aliye mbali hakufungiwa mlango wa kikoa. Ndugu yangu wa London alipopewa zamu yake aliishika. Fedha ya dawa na nepi ilifika kila mwezi tarehe ileile, na kila Jumapili alimpigia Mama, si kumuuliza habari za mgonjwa, bali kumchekesha. Wa Unguja alikuja mara mbili, mwezi mzima kila mara, na mwezi huo marafiki walipumzika. Hivyo ndivyo ilivyokwenda, miezi ishirini na moja, mpaka Baba alipofariki dunia mwezi wa Novemba 2007. Mgongo wake haukuwa na kidonda hata kimoja. Waliomwosha maiti waliliona hilo, wakatuuliza nani alikuwa akimuuguza.

Kikoa hakikuishia hapo, maana kikoa hakina mwisho mpaka duru itimie. Baba yake mwenye duka alipougua saratani mwaka 2010, karatasi ilichorwa upya na zamu yangu ilikuwa usiku wa Jumanne, usiku uleule alionilalia yeye. Mwaka 2014 ikawa zamu ya nyumba ya fundi. Nilipokuwa nikimgeuza mzee wa mwenzangu sikuhisi kwamba nalipa deni. Nilihisi kwamba najua kazi, na kwamba rafiki yangu amelala.

Ndugu zangu, chama chetu kina mfuko wa maziko, na ni jambo la kujivunia. Akifa mmoja wetu popote ulimwenguni, maiti hustiriwa na wafiwa hulishwa bila ya kuombaomba. Lakini mfuko wa mgonjwa hatuna. Tunamngoja mtu afe ndipo tumtolee. Kwa hiyo naleta mbele ya mkutano huu maombi matatu.

Kwanza, sehemu ya michango yetu itengwe kwa ajili ya kuuguza: tikiti ya ndege ya ndugu anayekwenda kushika zamu ya mwezi mmoja, au ujira wa msaidizi pale ambapo hapana mtu.

Pili, kila mgonjwa wa muda mrefu aandikiwe kikoa. Kila tawi la ukoo lipewe siku yake na kazi yake yenye jina, iwe simu ya Jumapili, iwe dawa, iwe chakula. Sisi sote sasa tuna makundi ya ukoo katika simu zetu, ambamo mgonjwa mmoja hupata dua mia kwa siku. Dua ni haki. Tuiongezee ratiba.

Tatu, katika kitabu hiki cha ukoo, chini ya majina ya watu wa kila nyumba, yaandikwe majina ya marafiki na majirani wa nyumba hiyo, kwa ridhaa yao. Itakapoingia simu ya usiku, aliyeko Toronto ajue wa kumgongea mlango Muscat, na aliyeko Muscat ajue wa kumgongea Unguja.

Yupo atakayeuliza: na mtu asiye na marafiki? Nami nitamjibu kwamba marafiki hawachumwi siku ya ugonjwa. Wanangu, nawaona mnafanya kazi kwa bidii, mnanunua nyumba, mnasomesha. Kaeni na barazani. Shikeni zamu za wenzenu wakati nyumba zenu zina afya. Wale wanne hawakunijia kwa sababu nilikuwa mtu wa wizara. Walinijia kwa sababu kila mmoja wao alikuwa na baba, na alijua siku yake inakuja.

Wawili kati yao bado wako hai, na kamati imewaalika leo. Wamekaa pale nyuma, kama kawaida yao. Mkutano ukimalizika, naomba kila mmoja wenu akawape mkono kabla ya kwenda kula.

Mwenyezi Mungu awarehemu wazee wetu waliotangulia, awaponye wagonjwa wetu, na awape nguvu wanaowauguza. Wabillahi taufiq. Wassalaam alaykum warahmatullahi wabarakatuh.